Jinsi ya Kukataa Chai Thika na Bado Ualikwe Tena

Mwongozo huu ni wako wewe uliyeoa au kuolewa juzi, mwenye mtoto mmoja mgongoni na mwingine wa kushikwa mkono, uliyeweka agano na Mungu kisha ukapanga nyumba kati ya Thika na Ruiru. Iwe ni Makongeni, Ngoingwa, Kiganjo au Kihunguro, kanuni ni zile zile. Kanisa lako ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Majirani watakuita Mormoni. Itika, kisha endelea na safari.

Anza kwa kukubali mahali ulipo. Neno la Hekima, ufunuo ambao Joseph Smith aliupokea mwaka 1833, linatukataza pombe, tumbaku, chai na kahawa, nawe umehamia katikati ya kahawa. Ruiru ndiko kiliko kituo cha utafiti kilichotoa ile aina ya Ruiru 11, iliyofika kwa wakulima mwaka 1985 baada ya ugonjwa wa kuoza buni kuwatia hasara kubwa. Mashamba yaliyosalia bado yanaonekana nyuma ya maghorofa, na huenda karo yako ya sekondari ililipwa na kahawa hiyo hiyo. Basi usiitukane. Umeambiwa usiinywe, hukuambiwa uidharau wala uing'oe miti ya baba yako. Mzee akikumegea malipo ya msimu, yapokee kwa mikono miwili, toa fungu la kumi, na umshukuru watoto wakisikia.

Hata hivyo kahawa haitakusumbua sana. Huku kwetu mkulima hulima kahawa, akaiuza, akaenda nyumbani kunywa chai. Chai ndiyo mtihani. Ukibisha hodi saa nne asubuhi, sufuria iko motoni kabla hujakaa. Hakuna anayekuuliza kama utakunywa. Utaulizwa kama sukari yatosha.

Kwa hiyo kataa mapema. Kataa ukiwa bado mlangoni, majani hayajatiwa, maziwa hayajapanda. Ukingoja mpaka kikombe kimiminwe na kuwekwa mbele yako juu ya kitambaa kilichofumwa kwa mkono, utakuwa unaikataa kazi ya mtu, na yeye atalala akijiuliza alikukosea nini. Tena usikatae mikono mitupu. Ukisema hapana, hapo hapo omba kitu kingine: maziwa moto, uji, maji ya limau, hata ndizi. Anayeomba kitu amekubali kukaribishwa. Hii ndiyo kanuni kuu ya mwongozo mzima, na nitairudia mpaka uichoke.

Mama mkwe wangu, Mpresbiteri wa PCEA tangu utotoni, alinijaribu siku ya kwanza nilipoingia jikoni kwake.

“Hata ya rangi hutakunywa?”

“Hata ya rangi, Mami.”

“Sasa utakunywa nini, maji ya Chania?”

“Uji, Mami. Ule wako wa wimbi, unaochachuka.”

Alivuta kigoda, akachukua mwiko, akaanza kunieleza jinsi unga wake unavyolazwa kwenye maji siku mbili na kwa nini wa dukani haufai. Tulimaliza mchana. Tangu hapo akitutarajia huloweka unga Alhamisi, na mtu wa kanisa lake akiuliza kwa nini mkaza mwana hanywi chai, ndiye anayejibu, tena kwa ukali kuliko ambavyo ningejibu mimi.

Nyumbani kwako nako, mgeni asitoke na koo kavu kwa sababu ya maagano yako. Jifunze kupika maziwa ya viungo. Ponda tangawizi, itie kwenye maji, iache itokote vizuri pamoja na iliki na mdalasini, na hapo tu ndipo umimine maziwa. Ukiitia tangawizi mbichi moja kwa moja kwenye maziwa yatakatika, na utawapa majirani jambo la kusimulia juu ya Wamormoni na mapishi yao. Chuja, tia sukari ya kutosha, weka kwenye themosi iliyooshwa vizuri. Wageni wengi watamaliza kikombe cha kwanza kabla hawajagundua kwamba majani hayamo. Na kwa kuwa mgeni wa Kikuyu haji mikono mitupu, utaletewa mkate, sukari na paketi ya majani chai. Shukuru kwa vyote vitatu kwa sauti ile ile. Jioni, majani yapelekee mama wa nyumba ya tatu.

Usijione shujaa pia. Wasabato wa mtaa wenu walikuwa wakiepuka chai na kahawa kabla hujabatizwa, Waakorino hawagusi pombe, na Mwislamu wa duka la pembeni hufunga mwezi mzima akikuuzia mikate. Thika imezoea watu wenye masharti. Haijazoea watu wenye masharti na kiburi, na hao ndio hawaalikwi tena. Kwenye nyama choma fika mapema, shika kazi ya kukata nyama na kachumbari, agiza soda ya Stoney baridi, na hakuna atakayehesabu chupa zako.

Kisha itafika siku ya ruracio, yaani sherehe ya mahari, na hapo unahitaji akili zaidi. Wazee watauliza muratina iko wapi. Hiyo pombe, inayochachushwa kwa tunda lililokaushwa la mti wenye jina hilo hilo, kwao si ya kulewa tu. Ndiyo inayofungua baraka na mazungumzo. Usitue kreti ya soda mezani ukadhani umemaliza. Wiki mbili kabla, mtume mtu mzima anayeheshimika akaongee nao. Mimi naona hivi: aliyeshika Neno la Hekima hanunui pombe kwa mkono wake, lakini pia hawapangii wazee wa ukoo watakunywa nini katika boma lao. Peleka asali yenyewe, safi, ya kujaa chombo. Mzee yeyote anaelewa asali imetoka wapi na inaelekea wapi. Kibuyu ambacho bibi harusi atamnywesha bwana harusi kitiwe uji. Familia nyingi za waliookoka zilishafanya hivyo zamani, kwa hiyo wazee hawatazimia.

Jumapili. Amka mapema, kwa sababu mashati meupe na vumbi la Kiganjo havipatani. Hatununui wala kuuza siku hiyo, kwa hiyo mboga, tokeni za stima na nauli vimalizwe Jumamosi. Ibada zetu zilikuwa za saa tatu. Tangu Januari 2019 ni saa mbili, na kila mama mwenye mtoto wa miaka miwili anaukumbuka mwezi huo kwa furaha. Saa ya kwanza ni mkutano wa sakramenti, mkate na maji. Beba kitambaa, kitabu cha picha na vipande vya ndizi. Usibebe kitu kinachopiga kelele kikifunguliwa. Mtoto akilia, toka naye, tembea, rudi. Mtoto anayelia hapotezi nafasi yake kanisani na hakuna anayekukodolea macho, maana mbele yako kuna baba mwingine anayetoka na wake.

Utapewa wito. Hatuna wachungaji wa kulipwa. Askofu huyo unayemwona mbele Jumatatu atakuwa kazini kwake kama wewe, na ndiye huyo huyo atakayekuita na kukuomba ufundishe watoto, au umsaidie karani hesabu, au usimame wiki ijayo utoe hotuba ya dakika kumi kuhusu imani. Kubali. Utatetemeka, utashika ukingo wa mimbari, na utasema jambo ambalo mama aliyekaa nyuma alikuwa akiliombea wiki nzima. Nimeona hilo likitokea kwa fundi wa baiskeli na kwa msichana wa kidato cha tatu.

Jumapili ya kwanza ya mwezi tunafunga milo miwili na kutoa thamani ya milo hiyo kwa wenye shida. Piga hesabu ya chakula ambacho kweli mngekula. Kama mngekula pilau, usitoe bei ya sukuma wiki. Watoto wadogo wape chakula chao na uwe mvumilivu, kwa sababu harufu ya kiazi ikifika puani saa sita mchana, ndipo utajua kama unaomba au unangoja saa.

Tatizo litakuwa chama. Wanawake wa mtaa huu hukutana Jumapili alasiri. Usijitoe kimya kimya. Omba kihamie Jumamosi, na ujitolee kuwa mweka hazina. Mtu asiyelewa, asiyekosa mkutano na anayetoa fungu la kumi la kila shilingi inayoingia mkononi mwake huaminiwa na pesa za wenzake haraka sana. Wakikataa kuhama, peleka mchango wako Jumamosi usiku na uwe wa kwanza kufika wakipata msiba.

Jumatatu usiku ni jioni ya familia. Kanisa lilianza kuihimiza mwaka 1915, na tangu 1970 Jumatatu ikatengwa kwa ajili yake kote duniani. Waliopanga hawakujua kwamba baba anaweza kuwa zamu ya usiku kiwandani. Kama zamu ni Jumatatu, fanyeni Jumanne, mbingu haitaanguka. Msitafute somo refu. Wimbo mmoja, fungu moja la maandiko, swali moja, chapati. Mpe mtoto wa miaka minne kazi ya kuongoza. Wa kwangu aliamuru sote tufumbe macho, akaomba kwa ajili ya kuku wa jirani mmoja mmoja, kisha akatufungulia macho kwa vidole vyake. Nimehudhuria semina za ndoa zenye mafunzo machache kuliko hayo. Zimeni runinga, wekeni simu kwenye sufuria na kifuniko juu.

Mara mbili kwa mwaka, Aprili na Oktoba, kuna Mkutano Mkuu kutoka Salt Lake City, nao hutafsiriwa kwa Kiswahili. Kikao cha saa nne asubuhi cha Utah ni saa moja jioni hapa kwetu. Cha pili ni saa tano usiku, na kile cha jioni yao huanza saa tisa usiku wa manane. Shauri langu: tazameni cha kwanza pamoja, watoto wakilala acheni, hivyo vingine mtavisikiliza baadaye mkipika. Imani yako haitapimwa kwa wekundu wa macho Jumatatu.

Sasa maswali. Yatakuja kwenye matatu, kwenye foleni ya maji, kwenye harusi. La kwanza ni la wake. “Mzee wako anaongeza wa pili lini?” Jibu ukitabasamu, lakini jibu kamili: kanisa lilitangaza kuacha mitala mwaka 1890, na leo muumini anayeoa wa pili huondolewa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inamruhusu Mkenya aliyeoa kimila kuongeza mke. Mormoni wa Thika amefungiwa mlango huo na kanisa lake mwenyewe. Wanaume watamcheka mume wako. Wake zao watakuuliza ibada ni saa ngapi.

Swali la pili linauma, na usilijibu ukiwa unakimbilia matatu. Je, si kweli kwamba Wamormoni hawakuwataka watu weusi? Kaa chini. Sema kweli. Elijah Abel, mtu mweusi, alitawazwa kwenye ukuhani mwaka 1836, enzi za Joseph Smith. Mwaka 1852 Brigham Young, kiongozi wa kanisa wakati huo, alitangaza kwamba watu weusi hawatapewa ukuhani, na kwa zaidi ya miaka mia moja na ishirini wanaume weusi hawakutawazwa, wala familia nyeusi hazikuunganishwa hekaluni. Marufuku hiyo iliondolewa Juni 1978. Mwaka 2013 kanisa lilichapisha maelezo yanayokana nadharia zilizotumika kuitetea. Miaka minane baada ya mlango kufunguliwa, mwaka 1986, mhandisi mzaliwa wa Bungoma, Joseph Sitati, alibatizwa; serikali ya Kenya ililitambua kanisa mwaka 1991; kigingi cha kwanza Nairobi, yaani muungano wa makanisa ya eneo, kilipoundwa mwaka 2001 yeye ndiye aliyekiongoza, na mwaka 2009 akaitwa kuwa miongoni mwa viongozi wakuu wa kanisa ulimwenguni.

Usitumie jina la Sitati kufunika ile miaka. Yote ni ya kusema, kwa mpangilio huo huo. Mimi ni mwanamke mweusi wa Thika, nimekaa na habari hii usiku mwingi, imeniliza, na nimebaki kwa sababu nilichokipata nilipopiga magoti hakikutoka kwa Brigham Young na hawezi kukichukua. Watoto wako waambie wewe, kwa sauti yako, kabla simu haijawaambia. Mtoto anayebatizwa akiwa na miaka minane anaweza kuelewa kwamba watu wa Mungu waliwahi kukosea watu wa Mungu. Asichoweza kuelewa ni kwa nini mama alinyamaza.

Baada ya hapo, hekalu. Wazazi wetu katika imani walifunga safari hadi Johannesburg, familia nzima na pasipoti zake, kwa akiba ya miaka, na wengi hawakufika. Hekalu la Nairobi lilitangazwa Aprili 2017 na kuwekwa wakfu Mei 18, 2025, likiwa la kwanza nchini. Kwa mtu wa Thika ni matatu mbili: moja ya kuingia mjini, nyingine ya kutoka kwa njia ya Waiyaki hadi upande wa Mountain View. Ondoka alfajiri, kabla Githurai haijaamka vizuri, la sivyo Barabara Kuu ya Thika yenye njia nane itakuonyesha kwamba hata njia nane hujaa. Hakikisha kibali chako cha hekaluni kiko mfukoni na hakijapitwa na wakati. Nguo za watoto zifunge kwenye mfuko wao peke yake.

Kabla ya kuwekwa wakfu, milango ilifunguliwa kwa kila mtu. Tulikwenda na mama mkwe. Alivalishwa vifuniko vyeupe juu ya viatu vyake vya kanisani, akatembea polepole akiwa ameshika mkono wa mjukuu, akagusa mbao, akaangalia mazulia, na katika chumba cha kuunganishia familia, chenye vioo vinavyotazamana, akasimama akiwahesabu wajukuu wake wakirudiwa na kurudiwa ndani ya kioo. Aliuliza swali moja tu, kama yule mdogo wetu aliyezaliwa baada ya ndoa atahitaji kuunganishwa tena. Nilimjibu kwamba waliozaliwa baada ya wazazi kuunganishwa huzaliwa ndani ya agano. Alitikisa kichwa kama mtu aliyefikisha hesabu.

Leo asingeweza kuingia. Hapa lazima niseme waziwazi kwa wanaojiandaa kuoana: hekalu likishawekwa wakfu, wazazi wasio waumini wenye kibali hubaki nje wakati mtoto wao anapounganishwa. Usiwafanyie hivyo wazazi wako. Zamani katika nchi nyingi aliyefunga ndoa ya kiraia kwanza alisubiri mwaka mzima kabla ya kuunganishwa. Tangu Mei 2019 sharti hilo halipo. Funga ndoa Thika, mbele ya kila shangazi, wapige vigelegele mpaka sauti ziishe, mpige picha pale hoteli ya Blue Posts maporomoko ya Chania yakiwa nyuma yenu, kisha siku chache baadaye nendeni hekaluni wawili kwa utulivu. Hakuna agano linalopungua kwa sababu mama yako alishuhudia harusi.

Ukishaunganishwa utataka kuwaunganisha waliotangulia, na hapa Wagikuyu tumepewa mwanzo mzuri. Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Wasichana vivyo hivyo kwa nyanya zao. Ukiwajua wajukuu unaweza kurudi nyuma jina kwa jina, ingawa utachanganyikiwa ukifikia watu watano wenye jina moja katika mbari moja. Hapo tumia marika. Marika ya tohara yalipewa majina ya matukio ya mwaka wa tohara, kwa hiyo guka, yaani babu, akikwambia baba yake alikuwa wa Anake a Forty, aliyetahiriwa mwaka 1940, umeshajua alizaliwa miaka ya 1920. Andika kwa penseli. Rekodi sauti yake kama anaruhusu, na umuulize pia kuhusu bibi, kwa sababu ukoo unaosimuliwa na wanaume husahau majina ya wake.

Lakini kuandika jina na kulipeleka hekaluni ni mambo mawili. Kwa aliyezaliwa ndani ya miaka 110 iliyopita, kanisa linataka ridhaa ya ndugu wa karibu zaidi aliye hai, na hata lisingetaka, ungemwuliza guka. Mwambie kinaga ubaga kwamba unataka kubatizwa kwa niaba ya baba yake, kwamba tunaamini marehemu ana hiari ya kukubali au kukataa, na kwamba hakuna kaburi litakaloguswa. Msubiri. Atauliza kama baba yake, aliyefia katika PCEA, atabadilishwa dini. Mjibu kwamba hutaandika popote kuwa alikuwa Mormoni. Akikubali, muulize tarehe. Akikataa, umesikia. Funga daftari, usimtume shangazi akamshawishi, na mwezi ujao nenda tena bila daftari, ukiwa na watoto na mkate wa kutosha.